Ugonjwa wa miguu isiyotulia kwa watu wanaosafishwa damu

Ugonjwa wa miguu isiyotulia ni tatizo la mfumo wa neva linalomfanya mtu apate hamu kubwa ya kusogeza miguu yake, hasa akiwa ameketi au amelala, na zaidi nyakati za jioni na usiku. Huitwa pia ugonjwa wa Willis-Ekbom, kutokana na majina ya madaktari wawili walioueleza. Mtu yeyote anaweza kuupata, lakini huonekana mara nyingi zaidi kwa watu ambao figo zao zimeshindwa kufanya kazi na ambao huishi kwa kusafishwa damu kwa mashine, yaani kwa dayalisisi.

Katika jamii za Ulaya na Amerika Kaskazini, kati ya asilimia 5 na 10 ya watu wazima wana dalili za ugonjwa huu, wengi wao kwa kiwango kidogo. Miongoni mwa watu wanaosafishwa damu kwa muda mrefu, tafiti nyingi zimekuta takriban mmoja kati ya wanne hadi mmoja kati ya watatu. Pamoja na hayo, mara nyingi hautambuliwi. Mgonjwa hudhani ni sehemu ya kawaida ya ugonjwa wa figo na hausemi, na wahudumu hudhani ni ganzi, wasiwasi au ukaidi.

Ugonjwa huu si wa kuambukiza, si ugonjwa wa akili, na hauharibu miguu yenyewe. Hata hivyo huiba usingizi, na kwa baadhi ya wagonjwa hufanya saa za kuunganishwa na mashine zisivumilike.

Jina

Kwa Kiswahili hali hii haina jina moja lililozoeleka. Wagonjwa huieleza kila mmoja kwa namna yake: miguu inavuta, miguu inawaka kwa ndani, sisimizi wanatembea kwenye mifupa, au kwa ufupi, miguu inakataa kulala. Maneno hayo hutumika pia kwa magonjwa mengine, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuchanganywa kwake na ganzi au baridi yabisi.

Madaktari hugawa ugonjwa huu katika aina mbili. Aina ya kwanza hutokea bila ugonjwa mwingine unaojulikana, na mara nyingi hurithiwa katika ukoo. Aina ya pili huambatana na hali nyingine, kama vile upungufu wa madini ya chuma, ujauzito, au figo kushindwa kufanya kazi. Makala hii inahusu aina ya pili inayotokana na ugonjwa wa figo.

Usafishaji wa damu kwa ufupi

Figo zenye afya huchuja damu mchana na usiku, zikiondoa maji ya ziada na mabaki ya chakula na ya kazi za mwili. Pia hutengeneza homoni ya erithropoietini, ambayo huuamuru uboho wa mifupa kutengeneza seli nyekundu za damu. Figo zinaposhindwa kabisa, mgonjwa huhitaji kupandikizwa figo ya mtu mwingine au kusafishwa damu kwa muda wote wa maisha yake. Kisukari na shinikizo la juu la damu ni miongoni mwa sababu kuu za figo kushindwa, katika Afrika Mashariki na penginepo.

Katika usafishaji wa kawaida hospitalini, damu hutolewa mwilini kwa mrija, hupitishwa kwenye chujio la mashine, kisha hurudishwa. Kwa kawaida mgonjwa hufanyiwa hivyo mara tatu kwa wiki, takriban saa nne kila mara. Wengi huwa na fistula mkononi, yaani mshipa wa vena uliounganishwa na ateri kwa upasuaji, ambamo huingizwa sindano mbili. Wakati wote huo mgonjwa anatakiwa kukaa au kulala, na mkono wenye sindano usisogezwe ovyo.

Ipo pia njia ya kusafisha damu kupitia utando wa tumbo, ambayo mgonjwa anaweza kuifanya nyumbani. Ugonjwa wa miguu isiyotulia huwapata watu wa njia zote mbili.

Dalili

Dalili kuu ni hamu ya kusogeza miguu. Kwa kawaida hamu hiyo huja pamoja na hisia mbaya ndani ya miguu, mara nyingi kwenye vigimbi, kati ya goti na kifundo. Wagonjwa huielezea kuwa ni kutekenywa kwa ndani, kutambaliwa na wadudu, kuvutwa, kuchomwachomwa au kuungua. Wengine husema si maumivu hasa, ila ni afadhali yangekuwa maumivu. Mara nyingi huathiri miguu yote miwili, ingawa huweza kubadilishana. Kwa wagonjwa wenye hali kali, mikono nayo huweza kuhusika.

Sifa nne huutofautisha ugonjwa huu na mengine:

1. Kuna hamu ya kusogeza miguu, ambayo kwa kawaida huambatana na hisia mbaya ndani yake.
2. Dalili huanza au huzidi mtu anapopumzika, iwe ameketi au amelala.
3. Dalili hupungua au huisha mtu anapotembea, anapojinyoosha au anapoisogeza miguu, angalau kwa muda anaoendelea kufanya hivyo.
4. Dalili huzidi jioni au usiku kuliko mchana, au huwapo jioni na usiku tu.

Kutokana na sifa hizo, mtu mwenye ugonjwa huu hupata taabu mahali ambapo wengine hupumzika: kwenye safari ndefu ya basi, ibadani, msibani anapoketi mkekani, na kitandani. Wengi huamka mara kadhaa usiku na kuzunguka chumbani au uani hadi alfajiri inapokaribia, wakati ambapo dalili kwa kawaida hutulia.

Kwa mtu anayesafishwa damu, kitanda cha mashine ni mahali pengine pa aina hiyo. Saa nne za kutotembea ni muda wa kutosha kuamsha dalili, hata kama ni mchana. Kwa kawaida zamu za jioni huwa ngumu zaidi, kwa kuwa kupumzika na saa ya siku hukutana.

Watu wengi wenye ugonjwa huu, takriban wanne kati ya watano, huwa pia na mirusho ya miguu usingizini. Kidole gumba cha mguu hunyooka, kifundo hukunjika, na wakati mwingine goti na nyonga hukunjika pia. Mirusho hiyo hujirudia, mara nyingi kila baada ya sekunde 20 hadi 40. Mgonjwa mwenyewe huenda asijue, lakini mwenza anayelala naye hujua kwa kupigwa mateke.

Visababishi

Chanzo kamili cha ugonjwa huu hakijathibitishwa. Mambo kadhaa yanajulikana kuhusika, na kwa mgonjwa wa figo mengi kati yake hukutana katika mwili mmoja.

Madini ya chuma na dopamini. Dopamini ni kemikali ambayo seli za ubongo huitumia kupelekeana taarifa, zikiwamo zinazohusu mwendo. Ili ubongo utengeneze dopamini kwa namna inayofaa, unahitaji madini ya chuma. Uchunguzi wa ubongo wa watu wenye ugonjwa huu umeonyesha kuwa baadhi ya sehemu zake zina chuma kidogo kuliko kawaida, hata kama chuma kilichomo katika damu kinatosha. Kiwango cha dopamini hubadilika kati ya mchana na usiku, jambo linalosaidia kueleza kwa nini dalili hufuata saa.

Watu wanaosafishwa damu hupungukiwa na chuma kwa njia nyingi. Kila mara damu kidogo hubaki katika chujio na mirija. Vipimo vya mara kwa mara huchukua damu nyingine. Aidha, uvimbe wa ndani wa muda mrefu unaoambatana na ugonjwa wa figo huufanya mwili ukifungie chuma ghalani, kisipatikane kwa matumizi.

Upungufu wa damu. Kwa kuwa figo zilizoshindwa hazitengenezi erithropoietini ya kutosha, wagonjwa wengi huwa na upungufu wa damu. Baadhi ya tafiti zimeonyesha kuwa kurekebisha hali hiyo hupunguza mirusho ya miguu usingizini.

Sumu zinazobaki mwilini. Mashine huondoa sehemu tu ya mabaki ambayo figo zenye afya zingeyaondoa. Ukweli kwamba dalili hupungua sana au huisha baada ya kupandikizwa figo ni dalili kubwa kuwa hali ya figo yenyewe ni chanzo. Fosfati nyingi na mabadiliko ya homoni ya paratairoidi vimehusishwa na ugonjwa huu katika baadhi ya tafiti, lakini si katika zote.

Uharibifu wa neva za miguu. Kisukari na sumu za figo huharibu neva ndefu, hasa zinazofika miguuni. Uharibifu huo huweza kuwapo pamoja na ugonjwa wa miguu isiyotulia na kuuzidisha.

Urithi. Mwaka 2007 watafiti walitambua tofauti katika jeni kadhaa, zikiwamo MEIS1 na BTBD9, ambazo huongeza uwezekano wa kupata ugonjwa huu. Hiyo inasaidia kueleza kwa nini kati ya wagonjwa wawili wenye hali moja ya figo, mmoja huupata na mwingine huukosa.

Dawa. Baadhi ya dawa huamsha au huzidisha dalili. Zimeelezwa chini katika sehemu ya matibabu.

Hali zinazofanana nao

Watu wanaosafishwa damu huwa na matatizo mengine ya miguu, na matibabu yake hutofautiana. Kwa hiyo ni muhimu kuyatenganisha.

Kukaza kwa misuli ni kwa kawaida wakati wa kusafishwa damu, hasa mashine inapoondoa maji mengi kwa haraka. Msuli hukaza ghafla, huwa mgumu ukiguswa, huuma sana, na huachia baada ya muda mfupi. Katika ugonjwa wa miguu isiyotulia msuli haukazi.

Uharibifu wa neva huleta ganzi, kuungua au kuchomachoma, mara nyingi kuanzia nyayo na vidole. Huweza kuzidi usiku, lakini kutembea hakuuondoi.

Mwasho wa ngozi unaotokana na ugonjwa wa figo hutulizwa kwa kujikuna, si kwa kutembea, na hisia yake iko juu ya ngozi.

Mishipa ya damu iliyoziba huleta maumivu ya vigimbi mtu anapotembea, nayo huisha anaposimama. Huo ni mwenendo ulio kinyume kabisa na wa miguu isiyotulia.

Kutotulia kunakosababishwa na dawa huathiri mwili mzima. Mtu hushindwa kukaa, hutembea huku na huko, na hali hiyo haichagui usiku. Hutokea baada ya kutumia dawa fulani za magonjwa ya akili au za kuzuia kutapika.

Mtu mmoja anaweza kuwa na hali mbili au tatu kati ya hizo kwa pamoja. Mgonjwa wa kisukari anayesafishwa damu anaweza kuwa na ganzi ya nyayo mchana kutwa na miguu isiyotulia usiku.

Utambuzi

Hakuna kipimo cha damu wala picha inayothibitisha ugonjwa huu. Hutambuliwa kwa mazungumzo: mhudumu huuliza kuhusu zile sifa nne, kisha huhakikisha kuwa dalili hazielezeki kikamilifu na hali nyingine. Hilo la mwisho ndilo sharti la tano katika masharti ya Kundi la Kimataifa la Uchunguzi wa Ugonjwa wa Miguu Isiyotulia, yaliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1995 na kurekebishwa baadaye.

Kundi hilo pia limetunga kipimo cha ukali chenye maswali 10. Kila swali hupewa alama 0 hadi 4, na jumla huwa kati ya 0 na 40. Alama 1 hadi 10 huhesabiwa kuwa hali nyepesi, 11 hadi 20 ya wastani, 21 hadi 30 kali, na 31 hadi 40 kali sana. Kipimo hiki husaidia kujua kama matibabu yanafanya kazi.

Vipimo vya damu hufanywa ili kutafuta visababishi vinavyoweza kurekebishwa: wingi wa damu, feritini ambayo huonyesha akiba ya chuma, na asilimia ya transferini iliyobeba chuma. Kwa mgonjwa wa figo feritini inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Huwa juu mwili unapokuwa na uvimbe au maambukizi, hivyo inaweza kuonekana ya kutosha ilhali chuma kinachoweza kutumika ni kidogo. Kwa sababu hiyo vipimo vyote viwili hutazamwa pamoja.

Uchunguzi wa usingizi katika maabara maalumu unaweza kurekodi mirusho ya miguu, lakini si lazima ili kuutambua ugonjwa.

Madhara

Dhara la kwanza ni kukosa usingizi. Mgonjwa huchelewa kulala, huamka mara kwa mara na huchoka mchana. Uchovu huo huongezeka juu ya ule unaotokana na ugonjwa wa figo na upungufu wa damu. Tafiti zimehusisha ugonjwa huu na sonona, wasiwasi na kushuka kwa ubora wa maisha kwa watu wanaosafishwa damu.

Dhara la pili linahusu matibabu yenyewe. Mgonjwa asiyeweza kutuliza miguu huomba mashine izimwe kabla ya muda. Dakika 30 zikipunguzwa kila mara, kwa vipindi vitatu kwa wiki, ni saa moja na nusu ya usafishaji inayopotea. Maji na potasiamu hubaki mwilini, na potasiamu ikizidi huweza kusimamisha moyo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1996 ulihusisha dalili za ugonjwa huu na wagonjwa kuacha kabisa kusafishwa damu mapema, pamoja na vifo. Tafiti za baadaye zimeuhusisha pia na magonjwa ya moyo na mishipa, ingawa haijathibitishwa kama ugonjwa wenyewe ndio unaosababisha au ni alama tu ya hali mbaya ya mwili.

Kwa sababu hiyo, mgonjwa anayeomba kutolewa kwenye mashine mapema anastahili kuulizwa kuhusu miguu yake kabla ya kuhesabiwa kuwa mkaidi.

Matibabu

Kurekebisha chuma na damu

Hatua ya kwanza ni kupima na kurekebisha upungufu wa chuma. Kwa watu wanaosafishwa damu, chuma hutolewa mara nyingi kwa njia ya mshipa, kwenye mirija ileile ya mashine, kwa kuwa vidonge havifyonzwi vizuri. Mwongozo wa chama cha Marekani cha tiba ya usingizi uliochapishwa mwaka 2025 unapendekeza chuma cha mshipa kwa wagonjwa wa kundi hili ambao feritini yao iko chini ya nanogramu 200 kwa mililita na transferini iliyobeba chuma iko chini ya asilimia 20. Chuma hakipaswi kutolewa bila vipimo, kwa sababu kikizidi hudhuru ini na moyo.

Kuondoa dawa zinazozidisha

Baadhi ya dawa zinazozidisha ugonjwa huu hutolewa mara kwa mara kwa wagonjwa wa figo kwa ajili ya matatizo mengine:

- dawa za mzio zinazoleta usingizi, kama klorfeniramini, inayojulikana na wengi kwa jina la Piriton, na promethazini, ambazo hutolewa kwa ajili ya mwasho;
- metoklopramidi, ambayo hutolewa kwa ajili ya kichefuchefu;
- baadhi ya dawa za sonona;
- dawa nyingi za magonjwa ya akili, kama haloperidoli.

Hivyo mgonjwa anaweza kupewa dawa ya mwasho jioni na usiku huohuo miguu ikachachamaa, bila yeyote kuhusisha mambo hayo mawili. Mgonjwa hatakiwi kuacha dawa mwenyewe, hasa za sonona na za magonjwa ya akili, bali amwombe daktari azipitie.

Mazoezi, ratiba na mwenendo

Mazoezi ya wastani yamepunguza ukali wa dalili katika tafiti kadhaa. Nchini Ugiriki watafiti waliwapa wagonjwa baiskeli ya kukanyagia wakiwa wamelala kitandani wakati wa kusafishwa damu, na dalili zao zilipungua. Pasipo kifaa hicho, mgonjwa anaweza kukunja na kunyoosha vifundo na magoti, kusukuma nyayo dhidi ya ubao wa kitanda, au kukandwa vigimbi na ndugu aliyemsindikiza, ilimradi mkono wenye sindano ubaki umetulia.

Kubadilishiwa zamu kutoka jioni kwenda asubuhi kunaweza kusaidia, kwa kuwa asubuhi ndiyo saa ambayo dalili huwa hafifu. Kushughulisha akili kwa mazungumzo, kusoma au kucheza bao hupunguza hisia kwa baadhi ya watu. Nyumbani, kuoga au kuosha miguu kwa maji ya vuguvugu na kujinyoosha kabla ya kulala hutumika sana. Mwenye kisukari na ganzi ya miguu ahakikishiwe joto la maji na mtu mwingine, kwani anaweza kuungua bila kuhisi. Kahawa, chai ya rangi nzito, pombe na tumbaku huzidisha dalili kwa baadhi ya watu, hasa vikitumiwa jioni.

Kusafishwa damu mara nyingi zaidi kunaweza pia kusaidia. Katika utafiti mmoja wa Marekani, watu waliosafishwa damu mara sita kwa wiki kwa vipindi vifupi nyumbani walipata nafuu ya dalili. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki hilo ni gumu. Nchini Kenya, bima ya taifa ya NHIF ililipia vipindi viwili kwa wiki, na mgonjwa asiye na bima hulipa kila kipindi mwenyewe.

Dawa za kutuliza dalili

Dawa inayopendekezwa zaidi sasa kwa wagonjwa wa figo ni gabapentini. Tahadhari yake kubwa ni kipimo. Gabapentini hutolewa mwilini na figo peke yake. Kwa mtu mwenye figo nzima, nusu ya dawa huondoka kwa saa 5 hadi 7. Kwa mtu asiyetoa mkojo, katika siku ambazo hasafishwi damu, nusu hiyo huchukua takriban saa 132, yaani siku tano na zaidi. Mashine nayo huiondoa kwa haraka. Kwa hiyo hutolewa kwa kiwango kidogo, mara nyingi baada ya kusafishwa damu. Kiwango cha mtu mwenye figo nzima kinaweza kumletea mgonjwa huyu usingizi mzito, kuchanganyikiwa, kushtukashtuka kwa misuli, kuanguka, na hata kushindwa kupumua, hasa ikichanganywa na dawa kali za maumivu. Pregabalini huhitaji tahadhari ileile.

Kundi jingine ni dawa zinazofanya kazi kama dopamini: pramipeksoli, ropiniroli na rotigotini, pamoja na levodopa ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini. Huleta nafuu haraka na kwa miaka mingi zilikuwa chaguo la kwanza. Baada ya miezi au miaka, hata hivyo, huweza kugeuka na kuzidisha ugonjwa: dalili huanza mapema zaidi mchana, huwa kali zaidi na hufika mikononi. Kuongeza dozi huleta nafuu ya muda, kisha hali huwa mbaya kuliko awali. Dawa hizi pia huweza kumfanya mtu ashindwe kujizuia kucheza kamari au kufanya manunuzi. Kwa sababu hizo hazipendekezwi tena kwa matumizi ya kawaida.

Vitamini C imepunguza dalili katika majaribio madogo kwa watu wanaosafishwa damu. Dozi kubwa ni hatari kwao, kwa kuwa mwili huigeuza sehemu yake kuwa oksalati, ambayo figo zilizoshindwa haziwezi kuitoa.

Kupandikizwa figo

Baada ya kupandikizwa figo, dalili za wagonjwa wengi hupungua sana au hutoweka kabisa, mara nyingi ndani ya siku au wiki chache. Figo hiyo ikishindwa baadaye, dalili huweza kurudi. Nchini Tanzania upandikizaji wa figo ulianza mwaka 2017 katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Kabla ya hapo wagonjwa walisafiri nje ya nchi, hasa India.

Tahadhari kuhusu tiba za nyumbani

Ushauri unaotolewa kwa watu wenye maumivu ya miguu unaweza kumdhuru mtu anayesafishwa damu. Ndizi, madafu, tende na parachichi vina potasiamu nyingi. Mtu mwenye figo nzima hunufaika navyo, lakini kwa asiye na figo huweza kupandisha potasiamu hadi kiwango cha hatari. Vidonge vya magnesiamu vinavyouzwa kwa ajili ya kukaza kwa misuli hujilimbikiza mwilini kwa namna hiyohiyo. Kunywa maji mengi nako huleta uvimbe na kushindwa kupumua kwa mtu asiyetoa mkojo. Dawa za mitishamba ambazo viambato vyake havijulikani zinapaswa kutajwa kwa daktari kabla ya kutumiwa.

Uenezi

Katika jamii kwa jumla, wanawake hupata ugonjwa huu takriban mara mbili ya wanaume, na uwezekano huongezeka kadiri umri unavyopanda. Viwango hutofautiana sana kati ya nchi. Barani Ulaya na Amerika Kaskazini viko juu kuliko Asia ya mashariki. Utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanywa vijijini kaskazini mwa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2010 ulikuta watu wachache sana wenye ugonjwa huu. Matokeo ya jamii nzima, hata hivyo, hayawezi kutumika moja kwa moja kwa watu wanaosafishwa damu, ambao visababishi vyao ni tofauti.

Historia

Daktari Mwingereza Thomas Willis alieleza hali hii mwaka 1672 kwa Kilatini, katika maandishi yaliyotafsiriwa kwa Kiingereza baada ya kifo chake. Alitumia afyuni kuwatibu wagonjwa wake. Mwaka 1861 daktari Mjerumani Theodor Wittmaack aliieleza tena akiiona kama aina ya wasiwasi, na kwa muda mrefu ikahesabiwa kuwa tatizo la hisia.

Karl-Axel Ekbom, daktari wa neva kutoka Uswidi, alichapisha mwaka 1945 utafiti mpana uliouonyesha kuwa ugonjwa kamili wa mwili. Ndiye aliyeupa jina la miguu isiyotulia, na baadaye aliuhusisha na upungufu wa chuma na ujauzito.

Uhusiano na usafishaji wa damu ulionekana baadaye, kwa kuwa matibabu hayo ni mapya. Daktari Mholanzi Willem Kolff alitengeneza mashine iliyotumika kwa binadamu mwaka 1943, lakini ilifaa kwa muda mfupi tu. Mwaka 1960, mjini Seattle, Marekani, Belding Scribner alibuni mrija wa kudumu mkononi uliowezesha mgonjwa kusafishwa damu tena na tena kwa miaka. Kuanzia hapo watu wenye figo zilizoshindwa waliishi muda mrefu kiasi cha kueleza taabu za usiku wao, na mwaka 1966 makala ya kitabibu kuhusu miguu isiyotulia kwa wagonjwa wa figo ilichapishwa.

Tazama pia

- Figo
- Kisukari
- Shinikizo la juu la damu
- Upungufu wa damu
- Usingizi
- Dopamini